Naomba Watu Waangalie Kando

Wamunyu,
11 Agosti 2024

Ndunge, mdogo wangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Mukai na Baba. Huku tuko salama. Baridi ya mwaka huu imekawia, wifi yako amekohoa mwezi mzima lakini sasa analala vizuri. Ndengu zilikuwa haba. Mti wa mhugu nao umekuwa shida kupatikana, kwa hivyo tunachonga twiga wembamba kuliko twiga wenyewe. Omolo, dereva anayebeba vinyago vyetu kuleta mjini, ndiye amekubali kukufikishia barua hii mkononi.

Najua utacheka ukiona mwandiko wangu. Lakini simu yangu ni ya kupiga tu, na mara ya mwisho tulipoongea, niliisikia sauti yangu siku mbili baadaye ikitoka kwenye simu ya mwuza mkaa. Nilikuwa nikikueleza, wewe dada yangu, vile wifi yako alivyopoteza mimba. Uliiweka kwenye ukurasa wako na kuandika kwamba familia yetu inapitia mengi. Tangu siku hiyo mke wangu hanunui mkaa hapo. Hununua kwingine, anapanda kilima.

Sikukuambia neno wakati ule. Leo nakuambia kwa sababu ya Baba.

Ijumaa nilipita kwa kinyozi. Vijana wawili waliponiona wakasimama wima, mmoja akapaza sauti: "Jamhuri dhidi ya Mutisya! Ni kweli au si kweli?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikauliza wameyatoa wapi. Wakanionyesha. Nikamwona Baba kitandani, na fulana iliyotoboka, akiita vile alivyokuwa akiita kortini. Halafu wakaendelea kusukuma kwa kidole, nikamwona akiogeshwa kwenye beseni.

Ndunge, yule mtu alikuwa karani wa korti miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akinyoa ndevu akiwa amefunga mlango. Sisi watoto wake hatujawahi kumwona bila shati.

Ziondoe hizo video. Kama huwezi zote, ile anayoita jina langu iondoe kwanza. Usiniulize kwa nini. Na barua hii isitoke nje ya nyumba yako.

Msalimie Baba, hata kama hatajua salamu zimetoka kwa nani.

Kaka yako,
Mutisya


Makadara,
25 Agosti 2024

Kaka Mutisya,

Niaje huko? Sisi tunasukuma tu. Mukai ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kuongea darasani, mwalimu anadhani ni mgonjwa. Khalayi, jirani yangu yule fundi wa cherehani, amemshonea sare mpya maana ile ya zamani ilikuwa imepanda juu ya magoti. Baba anakula. Asubuhi anauliza mama yake ameenda wapi, jioni ananiuliza mimi ni nani. Pole kwa wifi. Kweli, pole. Sikufikiria ingefika mpaka kwa mwuza mkaa.

Sasa tuongee.

Unajua siku yangu inaanzaje? Naamka, nafua mashuka. Namnyanyua Baba, na ni mzito, Mutisya, usidhani uzee umempunguza. Ananipiga. Hajui kama ananipiga. Namwosha, namvalisha, namlisha, halafu anauliza kwa nini hajapewa chai. Baba Mukai aliondoka mwaka juzi akisema nyumba inanuka, na hakurudi. Kabla ya hizo video nilikuwa namaliza wiki bila mtu mzima kuniuliza umelalaje. Wiki nzima!

Siku niliyoweka ile ya kwanza, watu mia nane walinijibu. Kuna mama mmoja wa mtaa wa Baba Dogo, mamake alikuwa na ugonjwa huu huu wa kusahau, sasa anakuja kila Jumatano kunisaidia kumgeuza. Wengine walileta nepi za watu wazima. Mwingine kiti cha magurudumu. Wewe ulileta gunia la ndengu, halafu ukarudi zako na gari hilo hilo. Hata kikombe cha chai hukumaliza.

Na kuhusu jina lako. Anakuita kila siku ya Mungu, Mutisya. Kila siku. Ningeandika nini? Niliandika ukweli: baba anamwita mwanawe aliyemwacha. Wale waliokutukana sikuwatuma. Lakini niambie, walikosea wapi?

Mukai anakusalimu mjomba wake.

Ndunge


Wamunyu,
8 Septemba 2024

Ndunge,

Sisi wazima. Mvua bado.

Omolo alirudi jana. Kabla sijampa maji ya kunywa akaniambia, "Fundi, kumbe unaandika vizuri hivi." Akatoa simu. Akanisomea barua yangu mwenyewe, yote, mpaka pale nilipotaja mimba ya mke wangu. Mpaka pale nilipokuomba isitoke nyumbani kwako. Umeandika juu yake: "Bado kuna watu wanaandika barua, mnaamini?"

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza.

Sina zaidi.

Mutisya


Makadara,
29 Septemba 2024

Kaka yangu,

Natumaini mnaendelea vyema. Huku Mukai ameota jino moja. Baba alikuwa na homa lakini imeshuka. Khalayi anawasalimu ingawa hawajui.

Nimeiondoa ile barua. Nimeiondoa tangu siku ile Omolo alipokuja akanitazama tu, akashusha vinyago vya watu, asinisalimie. Nimemwandikia wifi karatasi yake peke yake, iko ndani ya bahasha ndogo, usiifungue.

Sikuiweka kwa ubaya. Nilidhani ni kitu kizuri. Watu walipenda mwandiko wako, wengine walisema imewakumbusha wazazi wao. Niliposoma komenti zao nililia, nikasahau kabisa kwamba ulikuwa umeniomba nisiitoe. Sijui unaelewa. Kitu kikinitokea siku hizi, kabla sijajua kimeniuma au kimenifurahisha, nimeshakiweka. Wakishaniambia "pole," ndipo najua kilikuwa cha kuuma. Wiki iliyopita nilijikata na kisu, nikajikuta nimepiga picha kabla ya kutafuta kitambaa. Khalayi akaniambia, "Ndunge, damu kwanza."

Kuna jambo lingine nilikuwa sitaki kukuandikia. Juzi mwanamke mmoja alibisha hodi, simjui, ameshika keki na simu yake tayari iko juu inarekodi. "Surprise! Tumekuja kumwona babu wa Ni Kweli au Si Kweli!" Nyumba alijuaje? Aliliona duka la Khalayi kwenye video, akauliza. Baba alipoona ile taa ya simu alijibanza nyuma ya kabati. Na mimi, Mutisya, nilimwambia, "Baba, toka, umeletewa keki." Nilitabasamu kwa sababu nilikuwa ndani ya picha.

Video ya jina lako bado ipo. Ndiyo iliyosambaa kuliko zote, na nikiiondoa najihisi kama nitazima. Unaniambia nisiulize kwa nini. Nauliza. Ulimkosea nini Baba? Au alikukosea nini wewe? Mama alikuwa akiniambia tu ulienda kujifunza kuchonga. Kwenye mazishi yake mliongea na Baba maneno sita, niliyahesabu, yote ya kuchimba kaburi.

Nijibu hata kwa matusi.

Dada yako,
Ndunge


Makadara,
3 Novemba 2024

Mutisya,

Hujanijibu, na sina haki ya kulalamika. Sote tuko hai. Nitakuandikia hii moja kwa moja kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Watu elfu arobaini wananifuata na sina wa kumwambia.

Alhamisi Baba alikuwa amekaa kwa Khalayi, pale karibu na cherehani, anapenda ule mlio. Khalayi alikuwa na simu yake imesimamishwa kwenye mkebe wa nyuzi, anatazama huku anashona. Ikatokea ile ya beseni. Si yangu tena, kuna mtu ameichukua akaitia muziki. Baba akainama akatazama. Akamwuliza Khalayi, "Huyu mzee anayeogeshwa ni nani?"

Khalayi anasema alitaka kudanganya lakini ulimi ukamtangulia. "Ni wewe, mzee."

Baba alitazama mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na hawa wanaocheka?" Khalayi akazima. Siku hiyo mzee hakula chakula.

Ijumaa asubuhi nilikuwa chumbani nakata video. Nakuambia ukweli wote: nilikuwa nakata video yake, nachagua pale anapochekesha. Nilipotoka kitanda kilikuwa kitupu. Kabatini suti ya kijivu haikuwepo. Nilikimbia bila viatu mpaka barabarani, Khalayi akashika upande wa soko, mimi upande wa kanisa. Vijana wa kuosha magari waliniambia, "Tumemwona akipita, tukamwitia kesi, leo hakuitikia."

Simu ikalia. Sauti ya mwanamke: "Naitwa Jecinta, ni karani hapa kortini. Nina mzee huku, mfukoni ana kikaratasi chenye nambari hii. Amekuja kufungua kesi."

Mutisya, alitembea mpaka korti ile ile aliyofanyia kazi. Mtu asiyejua choo cha nyumba hii kiko wapi. Nilimkuta kwenye benchi la masjala, amefunga tai, vifungo vya koti vimepishana. Jecinta alikuwa amempa karatasi na kalamu, akamwachia meza yake. Akaninong'oneza, "Sikuwa na moyo wa kumrudisha. Ameandika kwa mpangilio kuliko mawakili." Akanipa nisome. Nimeikariri:

"Mimi, Mwanzia, mtu mzima na mwenye akili zangu leo, nalalamika kwamba nimevuliwa nguo mbele ya watu nisiowajua. Aliyenivua simjui. Naomba korti imtafute. Wakati kesi ikiendelea, naomba watu waangalie kando."

Nilikaa karibu naye. Alinitazama kwa upole, kama mtu wa kazi anavyomtazama aliyekuja mara ya kwanza.

"Mama, nawe una kesi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mlalamikaji au mshtakiwa?"

"Mshtakiwa."

Akanyoosha mgongo. Akashika ile karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza, bila kupaza sauti, "Umesikia mashtaka. Ni kweli au si kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

Akaandika kitu kidogo pembeni ya karatasi, akaniambia niketi nisiogope, hakimu wa leo ni mtu mwema. Jecinta aligeukia dirishani.

Jioni hiyo nilifuta kila kitu. Video mia mbili na kumi na tatu. Ya jina lako nilianza nayo. Lakini haisaidii, Mutisya, ziko kwa watu wengine, zina muziki, zina vikaragosi. Leo nikitoka kanisani nimemsikia mtoto ambaye hajaanza hata shule akimwuliza mwenzake, ni kweli au si kweli. Nimefunga ukurasa na sijui nikae wapi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Naenda dirishani, narudi, nafungua kabati, nafunga. Baba amelala. Ameshasahau. Mimi ndiye ninayekumbuka kwa niaba yake.

Njoo. Au andika. Au nyamaza, lakini nijue umeisoma.

Ndunge


Wamunyu,
24 Novemba 2024

Ndunge, mdogo wangu,

Mvua imekuja hatimaye, tumepanda. Wifi yako anasema bahasha yake aliipata. Hakuniambia kilichoandikwa na sikumwuliza, lakini jana alinituma nikuletee asali.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Uliniuliza tulikosana nini na Baba. Nitakuambia mara moja.

Ulikuwa na miaka saba. Mimi kumi na tisa. Nilikuwa nikijifunza kushona viatu soko la Kariokor, kwa mzee mmoja aliyeniamini mpaka akanipa ufunguo wa kibanda. Mimi na wenzangu wawili tukamwibia ngozi zake zote. Sikusingiziwa, Ndunge. Niliiba. Tulikamatwa siku ya tatu.

Tukapelekwa kortini. Nilijua ni korti ya Baba, lakini nilijiambia atapata mahali pa kujificha siku hiyo, au atamwomba karani mwenzake asome. Nilipopandishwa kizimbani alikuwa amesimama pale na faili. Hakumwambia mtu yeyote kwamba mimi ni mwanawe. Akasoma: Jamhuri dhidi ya Mutisya. Chumba kilijaa watu, wengine majirani zetu wa Makadara. Akasoma mashtaka neno kwa neno, hakuruka hata moja. Halafu akaniuliza kama alivyokuuliza wewe. Nikasema ni kweli. Akaandika. Hakuinua macho.

Nilifungwa miezi minane. Hakuja hata siku moja. Nilipotoka nilikuja moja kwa moja huku kwa mjomba, nikaanza kuchonga, na Mama akakuambia alichokuambia.

Kwa hivyo unaposema ananiita kila siku, mimi sisikii akiniita. Nasikia akinisomea. Miaka ishirini na miwili nimejificha mahali ambapo watu hawajui, halafu wewe, bila kujua, ukawapa wote maneno yale yale ya siku ile. Nilipowasikia wale vijana kwa kinyozi, nilijiona nimepandishwa tena kizimbani.

Sasa nikuambie na jambo ambalo ni zito kwangu kuliko hilo. Nimekulaumu kwa kuanika. Lakini mimi nimefanya siri yangu kuwa sababu ya kutobeba. Kila nilipokumbuka kwamba Baba anageuzwa na wewe peke yako, nilijiambia, "Yeye alininyima macho yake, na mimi nina haki yangu." Ulipoandika kwamba nilimwacha, nilikasirika kwa sababu ulikuwa umesema kweli mbele ya watu. Nami sikuwa nimekuachia mahali pengine pa kuisemea.

Nitakuja na Omolo Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi ujao. Nitakaa wiki nne. Usimwambie Baba, hata kama hatakumbuka.

Kaka yako,
Mutisya


Makadara,
12 Januari 2025

Kaka Mutisya,

Umeondoka juzi tu na tayari nakuandikia. Simu ningeweza kupiga, lakini nimezoea kufikiria jambo mpaka mwisho kabla ya kulisema. Asali imebaki nusu, Mukai anailamba akidhani sijui. Meno yote mawili yamejaa, sasa anaongea mpaka mwalimu ameniita tena. Baba anauliza yule fundi mrefu aliyekuwa akimwogesha amekwenda wapi. Nimemwambia amerudi kazini na atakuja mwisho wa mwezi kama mlivyopatana. Akasema, "Ana mikono ya taratibu. Mlipeni vizuri."

Ukurasa sijaufungua. Sitakudanganya, nimetamani. Mama wa Baba Dogo bado anakuja Jumatano, na nilimwuliza kwa nini anaendelea kuja na hakuna video. Akacheka, akasema hata wakati ule hakuwa akizitazama. Vijana wa kuosha magari bado hupiga kelele tukipita na kiti. Siku uliyoenda kuongea nao sijui uliwaambia nini, ila mmoja wao sasa akituona huzima redio na kutusaidia kuvuka. Wengine bado. Labda watachoka, labda hawatachoka.

Kuna jambo moja nataka ulijue, na sitalirudia.

Ile Jumamosi ya kwanza, uliponiomba nikuache na Baba chumbani kwake, nilienda jikoni kumenya viazi. Unaujua ukuta ule, ni ubao tu, mtu akikohoa kule unamwambia pole huku. Nilikusikia ukivuta kiti. Nilikusikia ukimwambia jina lako. Nikaacha kumenya. Halafu nikamsikia akilitaja, Mutisya, polepole, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu Mama afe. Akasema, "Siku ile mimi..."

Miezi yote hii nilikuwa nimetaka kujua. Mwaka jana ningekuwa nimeshasogea, nimeshaweka sikio, na si sikio peke yake.

Ilikuwa siku yetu ya mgao wa maji. Nikafungua mfereji mpaka mwisho, maji yakavuma mpaka sikusikia kingine. Sinki likajaa, likafurika, maji yakanishukia miguuni, yakaingia chini ya meko, na mimi nikausimamia ule mfereji mpaka nilipoona mlango wenu umefunguka. Ulikuwa na macho mekundu. Ukaniuliza mbona jikoni kumekuwa ziwa, nikakujibu nimesahau kufunga.

Sikusahau.

Dada yako,
Ndunge